Jiwe la Niutoni Sita

Kuna mchoro mmoja ambao nimeufundisha hadi nikauchukia. Jiwe linaning'inia kwenye fundo, fundo limeshikwa na kamba mbili, na kila kamba imefungwa kwenye msumari wake. Basi. Hakuna kinachosogea, hakuna kinachozunguka, hakuna hesabu ya kumtoa mtu jasho. Unachotakiwa kufanya ni kuchonga penseli, kushika rula na protrakta, kukubali kwamba sentimita moja ya karatasi itasimama badala ya niutoni moja, kisha kuchora mishale mitatu: uzito wa jiwe kwenda chini, na mvutano wa kila kamba kuelekea kamba inakokwenda. Ukiipanga mishale hiyo ikafuatana, kichwa cha huu kikigusa mkia wa ule, inafunga pembetatu. Ikifunga, umemaliza, nenda ukale.

Lakini wape kidato cha pili kazi hiyo uone. Yuko atakayechora jiwe. Atalichora vizuri ajabu, na vivuli vyake na nyufa zake, halafu mishale ataisahau. Yuko atakayechora mshale kwa urefu wa kamba yenyewe, kwa sababu kwake kamba ndefu ni lazima ivute zaidi, na hata umweleze mara saba atatikisa kichwa kwa heshima na kuchora vilevile. Mwingine rula yake ilivunjika mwaka uliopita, sasa inaanzia sentimita tatu, naye anaisoma kuanzia hapo bila kutoa chochote. Protrakta ukizikusanya za darasa zima zilikuwa nne. Kila mtoto alikuja na seti nzima ya jometri mwezi wa kwanza. Protrakta zilikwenda wapi, sijui mpaka leo.

Nilikuwa nafundisha fizikia katika shule ya kutwa upande wa Suba Kusini, si mbali na soko la Kisegi. Kwetu ni Suna, Migori, ambako wazazi wangu walikuwa na duka la nafaka na sukari, na nilifika ziwani nikiwa na cheti kipya na subira kidogo sana. Maabara ilikuwa chumba chenye meza ndefu, viti ishirini, na sinki ambalo halijawahi kuona maji. Mizani ya springi iliyofanya kazi ilikuwa moja tu, ile nyembamba ya plastiki yenye ndoano chini na sindano ndani. Tuliipachika kwenye kamba ya kushoto, tukasoma, tukaitoa, tukaipachika kwenye kamba ya kulia, tukasoma tena. Darasa zima lilisubiri foleni kwa ajili ya kimizani kimoja, na katika kusubiri huko ndiko protrakta zilikopotelea, naamini.

Jiwe nililiokota mwenyewe ufukweni wiki yangu ya kwanza. Nililifunga waya, nikalipima, likasoma niutoni sita, nikaliandika 6 kwa rangi nyeupe. Kisha nikapigilia misumari ubaoni kwa mpango maalumu, ili kamba mbili na uzito wa jiwe vigawane duara sawasawa, digrii mia na ishirini kila upande. Ukipanga hivyo, kila kamba inavuta sawa na uzito wenyewe. Sita, sita na sita. Nilifanya hivyo kwa ajili ya kusahihisha. Nilitaka jibu ambalo hata nikiwa nimechoka, na mbele yangu kuna rundo la vitabu hamsini, nitalitambua kwa jicho moja.

Na kweli lilitoka. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, wale waliokumbuka kuchora mishale walipata sita, sita, sita, pembetatu ikafunga bila mwanya hata wa unywele. Nilijisifu moyoni. Nilidhani hiyo ndiyo dalili ya mwalimu anayejua kazi yake.

Sasa, mwisho wa kidato cha pili ndipo wanafunzi walipochagua masomo ya kuendelea nayo. Viti vya maabara vilikuwa ishirini, kwa hiyo nafasi za fizikia zilikuwa ishirini, na mwenye kuamua nani anaingia ni mimi. Deputi, naibu wa mkuu wa shule, alitaka orodha kabla ya Ijumaa. Mtihani wangu wa kuchuja ulikuwa mchoro huo huo, na nilishawatangazia darasani kwamba asiyeweza kutundika jiwe kwenye karatasi asitegemee kuniona kidato cha tatu. Nilisema hivyo nikiwa nimekasirika, lakini nilimaanisha.

Kulikuwa na msichana mmoja aliyeketi karibu na dirisha, mtoto wa mama muuza samaki pale ufukweni. Huyo alitaka umeme. Alikuwa akitengeneza taa za sola ambazo wavuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani, huzielesha majini usiku ili kuwavuta samaki. Wavuvi wazima na ndevu zao walimpelekea taa zilizozima, naye akazifungua kwa kisu cha jikoni na kuziwasha tena. Mwanzoni mwa muhula alikuja mezani kwangu akaniambia waziwazi kwamba anataka kusomea ufundi wa umeme baada ya kidato cha nne, na kwamba ameulizia, akaambiwa bila fizikia asijisumbue kuomba. Kwa hiyo nilijua. Siwezi leo kusema sikujua alikuwa akitafuta nini.

Mchoro wake wa kwanza ulikuja na mishale mizuri, penseli imechongwa, vichwa vya mishale vidogo na vikali, digrii zote sawa. Nikaanza kufurahi. Halafu nikapima kwa rula: sentimita sita na nusu. Kamba ya kushoto, sita na nusu. Ya kulia, sita na nusu. Pembetatu imefunga, na pembeni ameandika kwa hati safi kwamba uzito wa jiwe ni niutoni sita na nusu. Jiwe lenye namba 6 iliyoandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni.

Nikaweka alama nyekundu ya kosa, nikaandika arudie. Akarudia. Sita na nusu. Nikamwita, nikamwonyesha jiwe, nikamuuliza anasoma nini hapo. Akasema sita. Nikamwambia arudie. Akarudia, na wallahi, sita na nusu. Mtoto asiyejua kushika rula unamwonea huruma, lakini huyu alijua kila kitu, kisha akaweka nusu yake juu kama mtu anayeongeza chumvi kwenye chungu cha mwenzake.

Mara ya nne nilisimama nyuma yake. Mizani ilikuwa kwenye kamba ya kushoto. Sindano ilisimama kwenye sita, niliiona mimi mwenyewe, na yeye aliiona kwa sababu aliinama jicho likawa sawa nayo, kama nilivyowafundisha. Kisha akashika penseli akaandika 6.5 bila hata kusita.

Nilimuuliza kwa nini anaandika asichokiona.

"Hiyo sita ni ya mizani, Madam," akasema. "Mimi nimeandika ya kamba."

Darasa lilicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia kwamba katika fizikia tunaandika kinachosomwa, hatuandiki tunachojisikia, na kwamba mwenye kutaka kubuni namba akajiunge na watunga hadithi. Nilisema na mengine ambayo sitayarudia. Yeye alisimama tu, mikono nyuma, akitazama mizani. Hakujitetea hata kidogo, na ukimya wake nao ukaniudhi, nikauona ni kiburi. Alhamisi nilipeleka orodha kwa deputi ikiwa na majina ishirini, lake halimo. Nilikuwa nimelikata kwenye rasimu, kisha nikamtuma nyumbani na barua kwamba mzazi wake aje.

Mama alikuja asubuhi ya Ijumaa, amevaa gambuti na leso kiunoni, magamba ya samaki bado yanang'aa mkononi. Tulianza kwa Kiswahili, kama mzazi anavyozungumza na ofisi, ingawa sote wawili Dholuo ndiyo lugha ya nyumbani. Alinishukuru kwa kumlea mtoto. Akasema hawezi kukaa sana, mitumbwi imeshaingia na samaki wa mbuta hawasubiri. Nikamwambia kisa chote: jiwe, kamba, mizani, na hiyo nusu ya ajabu ambayo binti yake anaipachika kila mahali. Nilitarajia angemgeukia mtoto amkaripie, maana ndivyo wazazi wafanyavyo mbele ya mwalimu, na kusema kweli ndicho nilichokuwa nimemwitia.

Badala yake alimuuliza mtoto kwa Dholuo: umeipima? Mtoto akasema ndiyo, siku ya kwanza. Mama akanigeukia na kuuliza kama anaweza kuiona hiyo mizani.

Hapo ndipo aliponieleza jambo ambalo kila mtoto wa ufukweni anakua nalo, na ambalo hakuna aliyeona haja ya kumwambia mwalimu kutoka Suna. Pale wanapouza samaki, mizani ni ya broker, dalali anayewanunulia. Broker anaitundika kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili, na kabla samaki yeyote hajatundikwa, wanawake hutundika kwanza mtungi wa lita kumi uliojaa maji hadi mdomoni. Maji ya lita kumi ni kilo kumi, hilo halina mjadala. Mizani ikisoma tisa, wanajua inakula moja. Kuanzia hapo, broker anasoma kinachosomwa, wanawake wanataja cha kweli, na kinachoandikwa daftarini ni cha kweli. Hakuna anayegombana na hakuna anayeeleza. Mtu akiandika kile sindano inachoonyesha, watamshangaa, watamwona mgeni.

Nilimsikiliza kwa heshima, lakini moyoni nilikuwa nimechoka kabisa. Nikamwambia kwamba mizani ya shule si ya broker. Hii haina mwenye kumwibia mtu. Imetengenezwa kwa ajili ya masomo, na sindano yake ikiwa haina mzigo inakaa kwenye sifuri barabara, tazama mwenyewe. Akatazama. Akasema hata za broker zinakaa kwenye sifuri.

Ni lazima niseme kitu kuhusu nilivyolelewa. Dukani kwetu mizani ilikaa upande wetu wa kaunta. Mteja alitazama sindano, nasi tulimtazama mteja, na katika miaka yote ile sikumbuki hata mara moja kujiuliza kama ile mizani inasema kweli. Ilikuwa yetu. Baba yangu hakuwa mwizi, lakini sasa ninapofikiri, sidhani naye aliwahi kuipima. Chuoni niliandika kurasa nzima juu ya kusahihisha makosa ya vipimo, nikapata alama nzuri, na sikuunganisha.

Mama akasema kitu cha haraka, na mtoto akatoka mbio. Alirudi na chupa ya plastiki ya soda ya nusu lita, imejazwa maji hadi juu, kifuniko kimekazwa. Hakuhitaji kunieleza. Mimi ndiye niliyewafundisha kidato cha kwanza kwamba lita moja ya maji ni kilo moja, na kilo moja inavutwa chini kwa niutoni kumi. Nusu lita, niutoni tano. Alifunga kamba shingoni mwa chupa, akaitundika kwenye ndoano, akarudi nyuma hatua moja ili mimi ndiye nisome.

Nne na nusu.

Nilifanya yote ambayo mtu mwenye aibu hufanya. Niligonga mizani kwa ukucha. Nililaumu upepo wa dirishani, nikafunga dirisha. Nilisema chupa haikujaa, mtoto akaenda akaiongeza mpaka ikafurika, ikasoma nne na nusu. Niliagiza chupa nyingine. Nne na nusu. Nikaifungua mizani kwa bisibisi na kuiona springi imejikunja mahali pa juu, imeshikwa na kipini chake kiasi kwamba ni lazima mzigo uivute nusu niutoni kwanza ndipo sindano ianze kutoka kwenye sifuri. Mtu yeyote angeweza kuona. Ilikuwa hivyo tangu nifike, pengine tangu kabla.

"Inakula, mwalimu," mama akasema, kwa upole, kama anayeniambia vazi langu limeshika matope nyuma. Kisha akaaga, maana samaki wake walikuwa juani.

Nilibaki na lile jiwe. Nilikuwa nimelipima kwa mizani hiyohiyo, ndiyo sababu likawa sita. Kamba nilizipima kwa mizani hiyohiyo, zikawa sita. Zote tatu zilipungua kwa kiasi kilekile, na kwa jinsi nilivyopanga misumari yangu ya kurahisisha kusahihisha, pembetatu isingeweza kukataa kufunga. Miaka mitatu nilikuwa nikiwapa watoto alama za juu kwa kunakili kosa langu kwa penseli iliyochongwa vizuri. Na si ajabu baadhi yao hawakusoma hata mizani; waliona namba kwenye jiwe wakaichora. Nilijikasirikia, na kwa kuwa kujikasirikia ni kazi ngumu, niliwakasirikia pia wale ishirini kwenye orodha, ambao hawakuwa na kosa.

Nikaenda kwa deputi. Aliniambia orodha imeshachapwa, na kwamba viti ni ishirini, si mimi niliyesema viti ni ishirini? Nikamwambia wa ishirini na moja atakalia dumu nitakalomletea mwenyewe. Akauliza msichana amefanya nini cha ajabu tangu jana. Nikasema mimi ndiye niliyekosea kusahihisha. Hayakuwa maneno aliyozoea kuyasikia kutoka kwangu; akaandika jina kwa mkono chini ya mengine, akinung'unika kuhusu uchapaji.

Nilimwita msichana saa ya chakula. Nilitaka kuifanya haraka. Nikamwambia kipimo chake kilikuwa sahihi na changu kilikuwa na kosa, kwamba jina lake limo, na kwamba mara nyingine akiongeza kitu aonyeshe kwenye karatasi ametoa wapi, maana mtahini wa nje hatamjua mama yake. Hilo la mwisho nililisema kwa sauti yangu ya kawaida ya ukali, ili angalau kitu kimoja kibaki kama kilivyokuwa.

Alishukuru. Lakini hakuondoka. Alisimama akikunja pindo la sweta.

"Na dada yangu, Madam?"

Nikauliza dada yupi. Akamtaja, na nikagundua namjua kwa sura; alikuwa hapohapo shuleni, kidato cha nne, msichana mrefu aliyenisalimia kila asubuhi langoni. Wiki chache zilikuwa zimebaki aanze mtihani wa mwisho. Sikujua ni ndugu. Nikauliza dada amefanyaje.

"Yeye naye alikuwa anaongeza nusu. Ulimuuliza, akaogopa kusema. Nyumbani alituambia tu fizikia imemshinda; hilo la nusu amenieleza jana, nilipofika na barua."

Nikamuuliza alitaka kusomea nini. Akasema walitaka kitu kimoja. Taa za omena, dada ndiye aliyemfundisha kuzifungua.

Nilimwambia aende akale kabla chakula hakijaisha. Kisha nikafungua kabati na kutafuta mafaili ya miaka iliyopita, na nilitumaini, nakiri, kwamba mtoto amechanganya, kwamba dada alianguka kwa sababu nyingine, labda hesabu, labda utoro. Rasimu ya orodha ya mwaka ule ilikuwepo. Majina ya chini yalikatwa kwa wino mwekundu, kwa rula, na la tatu kutoka mwisho lilikuwa lake. Pembeni, kwa hati yangu, nilikuwa nimeandika: hawezi kusoma mizani.